Roho na Uroho

Katika karamu moja ya harusi nilikaa sinia moja na mzee mcheshi ambaye, akisimulia kisa huku tonge la pilau li kinywani, alipaliwa ghafula, macho yakamtoka, mkono ukaganda juu ya sinia, nasi tukanyamaza kumtazama mpaka alipokohoa punje ya wali, akavuta pumzi, akasema, "Alhamdulillahi," kisha akakiendeleza kisa chake pale pale kilipokatika. Punje moja! Tangu siku ile sikuacha kujiuliza kwa nini Muumba, aliyeujalia mwili milango mingi, akapitisha riziki na uhai katika koo moja.

Swali hili si geni. Charles Darwin, katika kitabu chake cha 1859 juu ya asili ya viumbe, alistaajabia kwamba kila tukimezacho hupita juu ya tundu la koromeo, kikihatarisha kutumbukia mapafuni. Na wako walioshikilia hoja hiyo kukanusha hikima ya Muumba, ati fundi stadi asingalifanya hivyo. Ama mimi, naona kuwa hao, na wapinzani wao wanaolifananisha umbo la mtu na saa iliyotoka kiwandani kamili, wamesahau jambo moja: mtu haundwi, huota.

Aliyelidhihirisha hilo mapema ni Caspar Friedrich Wolff, tabibu wa Kijerumani, ambaye katika zama zake wanazuoni wengi walidai kuwa kiumbe yumo kamili ndani ya mbegu, mdogo mno, akingoja kutanuka tu. Wolff aliwapinga mwaka 1759, na baadaye, akiwa St. Petersburg, alichungua mayai ya kuku akaonyesha kuwa utumbo huanza kama utando bapa, usio na uwazi wala mlango, ambao kingo zake hujikunja zikakutana, mithili ya mkeka ukunjwavyo baada ya maulidi, ukawa mrija.

Ndivyo ilivyo hata kwetu. Katika wiki ya 4, kiumbe akiwa hajazidi milimita 5, mrija wa chakula umekwisha kufanyika, na ubavuni mwake, upande wa mbele, huchomoza kichipukizi kimoja, kisha hugawanyika viwili. Hayo ndiyo mapafu. Kizuizi chembamba hutenga umio na njia ya pumzi, lakini huku juu, kooni, njia panda hubaki kama tuijuavyo. Basi pumzi ni tawi la njaa. Wako watakaoona kuwa neno hili linaishusha roho, ambayo dini zetu zasema ilipulizwa. Lakini lugha yetu haikuona haya kumwita mlafi mroho, na sidhani waliolitumia neno hilo kwanza walimaanisha kufuru.

Miezi ile yote tumboni mtoto humeza maji yanayomzunguka, na kifua chake hupanda na kushuka kama apumuaye, hali mapafu yake yamejaa majimaji. Siku ya kuzaliwa mambo hupinduka: utumbo uliotangulia sasa hungoja, mkunga husikiliza kilio, na kilio kikishapatikana, mtoto, macho yangali yamefumba, huanza kugeuza kichwa huku na huku kulitafuta titi.