Je, Nipasuliwe Tumbo Ili Nipendeze?



Leo ukurasa huu unazungumza nawe, mama uliyezaa watoto watatu au wanne, na tumbo lako limekataa kurudi. Ulijifunga leso baada ya kila uzazi, ukapunguza chapati na soda, lakini ngozi ingali inaning'inia. Umesikia kwamba wako madaktari wanaoweza kuiondoa, nawe unajiuliza maswali mawili: Je, ni dhambi? Na je, nitapata amani nyumbani mwangu?

Swali la kwanza lina jibu. Tarehe 4 Oktoba 1958, siku tano kabla ya kufariki kwake, Papa Pio wa Kumi na Mbili alizungumza na madaktari wa Italia wanaofanya upasuaji wa namna hii. Hakuwalaani. Aliwafundisha kwamba uzuri wa mwili ni zawadi ya Mungu, ingawa hauzidi mema mengine yote. Upasuaji wa kuurekebisha waweza kuwa halali mambo matatu yakitimizwa: nia iwe njema, afya ilindwe na hatari kubwa, na sababu iwe na uzito unaolingana na upasuaji wenyewe. Basi, mama, tuyapime moja moja.

Tuanze na afya. Huu si upasuaji mdogo. Kwa kawaida mgonjwa hulazwa kwa dawa ya usingizi, na kazi huchukua saa mbili hadi nne, wakati mwingine zaidi. Daktari hukata ngozi chini ya tumbo kutoka nyonga moja hadi nyingine. Misuli ya katikati iliyoachana wakati wa mimba huishona pamoja. Kisha huivuta ngozi chini, hukata iliyozidi, na kukifungulia kitovu nafasi mpya. Kovu refu hubaki maisha yote, ijapokuwa hufifia na kufichwa na nguo. Sehemu ya ngozi yaweza kuwa na ganzi kwa miezi mingi.

Hatari zake ni damu kuvuja, kidonda kuingia usaha au kuchelewa kupona, na maji kukusanyika chini ya ngozi. Iliyo mbaya zaidi ni damu kuganda mguuni na kusafiri hadi mapafuni, jambo linaloweza kuua. Anayevuta sigara na mwenye kisukari kisichodhibitiwa wako hatarini zaidi. Mwaka 2024 mwanamke mmoja alifariki baada ya upasuaji wa urembo jijini Nairobi, na Baraza la Madaktari likaifunga kliniki iliyohusika. Kwa hiyo usivutwe na bei nafuu wala picha za matangazo. Uliza kwa Baraza kama daktari na kliniki wana leseni, na kama daktari huyo amesomea upasuaji wa kurekebisha maumbile. Uliza pia ni nani atakayekupa dawa ya usingizi, na ukizidiwa usiku utapelekwa wapi.

Jambo la pili ni sababu. Upasuaji huu si dawa ya unene. Madaktari hutaka uzito uwe umetulia kwanza. Kama ninyi wawili bado mnatazamia mtoto, ngojeni, kwa maana mimba nyingine yaweza kuilegeza tena kazi yote. Muone daktari akupime. Mama mwingine hukuta ana ngiri kwenye kitovu, au ngozi iliyokunjamana inamletea vidonda kila mara. Mwingine ana misuli iliyoachana, naye husaidiwa na mazoezi anayofundishwa na mtaalamu wa viungo, bila kukatwa. Mama wa vidonda na mama anayetaka tu gauni la harusi ya jirani limkae vizuri hawana sababu yenye uzito mmoja.

Jambo la tatu ni nia, na hapa ndipo penye mzizi. Mama, ni nani aliyekutuma? Kama umefikiri kwa utulivu na ni hiari yako mwenyewe, asikucheke mtu wala asikuite mwenye majivuno. Lakini kama umetumwa na neno la dharau lililosemwa mezani, au na hofu kwamba mume ana mwingine, simama kwanza. Daktari hushona misuli kwa uzi. Ndoa haishonwi hivyo. Mume anayetafuta sababu ya kutoka, tumbo likisawazishwa ataipata katika uso au katika umri. Ugonjwa ulio katika ndoa utibiwe katika ndoa: zungumzeni, mwoneni Padre au wanandoa wazoefu wa jumuiya yenu ndogo ndogo.

Na wewe baba unayesoma, usidhani hili ni la akina mama. Ulimi hauna mfupa, lakini huvunja. Tumbo unalolitania ndilo lililowabeba wanao. Mtakatifu Paulo anawafundisha waume kuwapenda wake zao kama miili yao wenyewe, na hakuna audhihakiye mwili wake mwenyewe mbele ya wageni.

Mkiamua pamoja kuendelea, huu hapa mtihani wako. Kwa wiki kama sita mkeo hatainua kizito: si mtungi, si gunia, si mtoto mgongoni. Siku za kwanza atatembea ameinama, na pengine atakuwa na mirija ya kutoa maji mwilini. Atavaa mkanda wa kubana tumbo kwa majuma kadhaa. Kitandani utangoja mpaka daktari aruhusu. Je, uko tayari kuteka maji, kupika na kumwogesha mdogo? Baba asiyekubali wiki hizo sita hajakubali upasuaji. Gharama nayo iwekwe wazi, kwa sababu bima nyingi hazilipi upasuaji wa urembo. Mkopo wa siri kutoka Sacco, au karo ya watoto iliyochukuliwa kimya, ni kidonda kingine.

Mkumbuke pia kwamba Bwana wetu alipofufuka katika utukufu hakuzificha alama za misumari. Aliwaonyesha wanafunzi wake, na kwazo wakamtambua. Mama, mikunjo ya tumbo lako ni alama ya uhai uliotoa. Waweza kuirekebisha, usiionee aibu.

Leo jioni, watoto wakishalala, keti na mwenzako. Kila mmoja aseme, mwingine asikilize bila kumkatiza: Ni nini hasa kinachoniuma? Ninaogopa nini? Ninahitaji nini kutoka kwako? Kisha salini pamoja kabla ya kupiga simu yoyote kwa daktari.

Mungu awabariki.