Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Hivi msanii anayewaimbia watalii kile wanachotaka kusikia anaiuza nchi yake? Swali hili hunijia kila ninapomsikiliza Don Ho, mwanamuziki wa Hawaii aliyefariki mwaka 2007.

Alikuwa rubani wa jeshi la anga la Marekani. Akaacha urubani, akarudi nyumbani kuendesha baa ya mama yake, na humo ndimo uimbaji wake ulipoanzia. Mwaka 1966 ukatoka "Tiny Bubbles", wimbo mwepesi kuhusu mvinyo, na Marekani nzima ikamjua. Televisheni nayo ikamwita. Mwaka 1972 alipotokea kwenye The Brady Bunch, unadhani aliigiza kama nani? Kama Don Ho! Kazi ngumu hiyo, kuigiza nafsi yako, tena ile ambayo mgeni ameilipia tiketi.

Wanaomlaumu wana hoja. Ufalme wa Hawaii ulipinduliwa mwaka 1893, na sheria ya 1896 ikakifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia shuleni. Mtalii anayeshuka Honolulu hayajui hayo. Anavishwa shada la maua, anapewa kinywaji na wimbo, anaondoka akidhani ameijua Hawaii. Nani atamwambia ukweli kama si mwenyeji mwenye maikrofoni?

Lakini mimi simhukumu haraka. Jukwaani aliwatania watu kwamba wimbo ule anauchukia, kisha akauimba, mwanzoni na tena mwishoni mwa onyesho. Mara nyingi yeye alivumisha sauti tu, ukumbi ndio ukaimba maneno. Na ni yeye huyohuyo aliyezipeleka mbali nyimbo za Kui Lee, mtunzi aliyekulia Hawaii na kufa mwaka 1966 akiwa na miaka 34 tu.

Sisi wa huku tusijifanye hayatuhusu. "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms, ya mwaka 1982, bado inapigwa kwenye hoteli za pwani, na wanaoipiga wana watoto wa kulisha. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kumfurahisha mgeni si usaliti, jamani. Usaliti ni kumkalisha sebuleni na kumwambia nyumba imeishia hapo. Don Ho aliuacha mlango wa ndani wazi. Wengi waliouona hawakuingia, na lawama ya hilo siwezi kumtwika yeye peke yake.