Mpira Upite, Mtu Asipite?

Kila aliyewahi kucheza chandimu nchini kwetu ameisikia sentensi hii kabla hata hajaelewa sheria ya kuotea: mpira upite, mtu asipite. Kocha huisema, kaka mtu aliyesimama pembeni huisema, na mabeki wenyewe huambiana kwa kicheko kabla mchezo haujaanza. Maana yake haihitaji mkalimani. Ukikutana na mshambuliaji anayekuzidi mbio, usijisumbue na mpira, maana huupati. Jisumbue na yeye. Mkwatue, mvute jezi, mkalie njiani, ilimradi asifike golini.

Tunacheka, lakini ndani ya kicheko hicho kuna swali zito ambalo nadhani hatujalikalia vya kutosha. Mtu aliyekuzidi kipaji, una haki gani juu yake? Kasi haiuzwi dukani. Kupiga krosi utafundishwa, kusoma mchezo utafundishwa, lakini zile mbio za kumwacha mtu hatua tatu kufumba na kufumbua, kwa sehemu kubwa mtu huzaliwa nazo. Sasa wewe ambaye hukuzaliwa nazo, umepangwa kumkaba huyo huyo. Ufanyeje?

Ipo michezo ambayo haitaki hata kulisikia swali hili. Chukua riadha. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi wetu wa Karatu alitangulia mbele tangu mwanzo wa fainali ya mita 1500, na hakuna aliyemfikia mpaka mwisho. Dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. John Walker, mwenyeji, alimaliza nyuma yake kidogo tu, na yeye pia akawa ameivunja rekodi ya zamani. Lakini Walker hakuwa na ruhusa ya kumgusa Bayi hata kwa kidole. Riadha inamwambia aliyezidiwa: kaza mwendo, au kubali.

Mpira hausemi hivyo. Mpira unampa aliyezidiwa kazi rasmi, yenye jina na namba mgongoni. Anaitwa beki. Kwa hiyo kumzuia mwenye kasi si kosa hata kidogo, ndiyo kazi yenyewe. Tunachouliza ni njia.

Tuwape kwanza nafasi wanaoitetea ile sentensi, maana wana hoja. Januari 2020, fainali ya Super Cup ya Hispania ilichezwa Jeddah, Real Madrid na Atlético Madrid. Dakika ya 115, bado sare ya bila kufungana, Álvaro Morata akachomoka peke yake kuelekea golini. Federico Valverde akamfuata, akaona hamfikii, akamkwatua kwa nyuma. Kadi nyekundu. Real wakachukua kombe kwa penalti, na Valverde akatangazwa mchezaji bora wa mechi. Hata Diego Simeone, kocha wa timu iliyoumizwa, alimpoza wakati anatoka, na baadaye akasema mtu yeyote angefanya vile. Mwaka uliofuata, Julai 11, 2021, fainali ya Ulaya pale Wembley, Bukayo Saka wa miaka 19 alimpita Giorgio Chiellini wa miaka 36. Mzee akamkamata kola ya jezi, akamvuta kama mtu anayemrudisha mbuzi zizini. Kadi ya njano. Italia wakawa mabingwa, nao kwa penalti, na picha ile ikageuka kichekesho cha dunia nzima.

Wanaotetea wanasema: sheria imetaja kosa, na imetaja adhabu. Nimefanya kosa, nimelipa. Mnanidai nini tena?

Hoja hii ni nzuri mpaka uipandishe mlimani. Huku kwetu Kilimanjaro, tangu zamani sana kabla ya wakoloni, Wachagga walichimba mifongo, yaani mifereji inayochota maji ya mito ya mlimani na kuyatembeza ubavuni hadi vihambani. Mfongo ni wa ukoo au wa mtaa mzima. Maji ni ya zamu, na kuuchimbua na kuuziba unapobomoka ni kazi ya wote. Aliyekosa kazi hiyo alitozwa faini. Sasa mfikirie jirani mwenye mali, ambaye kila siku ya kazi haonekani, na kila mara analeta faini yake bila kinyongo, tena anatabasamu. Je, huyu ametii utaratibu wa mfongo? Hesabu zake ziko sawa, hadaiwi. Lakini wote wanaotokwa jasho mferejini wanajua kwamba amewadharau. Faini haikuwekwa iwe bei ya kukwepa kazi. Iliwekwa kumwambia, usirudie. Yeye ameigeuza duka, na siku wote wakifanya kama yeye, maji hayatafika kwa mtu.

Hivyo ndivyo ilivyo faulo ya hesabu. Beki anauchukua mkono wa refa kama mkono wa muuza duka. Anauliza, leo bei gani? Dakika ya 5 kadi nyekundu ni ghali. Dakika ya 115 ni bei ya kutupa. Kisha kuna jambo ambalo mfano wa duka unalificha: anayelipwa si yule aliyeibiwa. Morata alikuwa na mbio nzima mbele yake, yeye na kipa tu. Alichorudishiwa ni mpira uliosimama, na wapinzani wote wamesharudi kujipanga. Ile nafasi haipo tena. Hakuna kadi yenye rangi ya kuirudisha.

Nasikia mtu ananiuliza: basi mwenye mwendo wa kobe afe tu? Hapana. Na ili nisionekane ninayetoa mawaidha ya msikitini au kanisani, naomba nikupeleke kwenye mchezo ambao kumgonga mwenye mpira ni halali kabisa. Wengi wetu hapa Moshi tunauona kwenye simu tu: futiboli ya Marekani. Kule ungetarajia ile sentensi yetu ndiyo iwe katiba. Mtu asipite, basi, mvamie.

Katika mchezo huo yupo mchezaji anayeitwa kotabeki, anayepokea mpira na kuurusha kwa wenzake. Kwa kawaida husimama nyuma ya ukuta wa watu wake na kutafuta wa kumpa. Lakini wapo wachache ambao, wakikosa wa kumpa, hukimbia nao wenyewe, na wana kasi ya kutisha. Mwaka 2006 Michael Vick alikuwa kotabeki wa kwanza wa ligi ya NFL kuvuka yadi 1,000 za kukimbia ndani ya msimu mmoja, alifikisha 1,039. Mwaka 2019 Lamar Jackson akafikisha 1,206, yaani zaidi ya kilomita moja, yote ikiwa ya kupenya katikati ya watu wanaotaka kumwangusha.

Walinzi wa kule wamefundishwa nini kuhusu watu kama hawa? Hapo ndipo penye mafunzo. Wamefundishwa wasivamie. Wawili wa pembeni wanaambiwa wabaki kwa nje, wasikubali kuingizwa ndani, kwa sababu mwenye kasi akishatokea nje yao, kwaheri. Wanaosukuma katikati wanasukuma taratibu, kila mmoja kwenye njia yake, kama ukuta unaotembea. Mara nyingine huachwa mmoja nyuma, mpelelezi, ambaye hana kazi nyingine ila kumwangalia kotabeki. Akienda kulia, naye kulia. Akisimama, naye anasimama. Huyu anaweza kumaliza mchezo mzima hajamgusa mtu, na mtangazaji hajalitaja jina lake. Lakini akichoka kuwa mtu asiyetajwa, akajirusha ili apate sifa ya kumwangusha nyota, mwili mmoja unayumba kidogo, na mlango uko wazi hadi mwisho wa uwanja.

Kwa hiyo hata pale ambapo sheria inakuruhusu kumpiga mtu, kinga bora dhidi ya kasi ni kuipa njia, halafu kuifanya njia hiyo iwe ndefu, nyembamba, na yenye mwisho kwenye mstari wa pembeni. Ndivyo wazee wetu walivyofanya na maji. Maji yanayoshuka kutoka mlimani ukiyawekea jiwe moja mbele yanaruka na kuondoka na migomba. Ukiyapa ukingo upande huu na ukingo upande ule, yanakwenda unakotaka wewe, na yanadhani yanakwenda yanakotaka yenyewe.

Beki mzuri wa soka anajua jambo hili hata kama hajawahi kusikia habari za Jackson. Anarudi nyuma nusu upande, anamwonyesha winga pembeni, anamchelewesha sekunde mbili ili kiungo afike. Haonekani shujaa. Anaonekana kama anayeogopa, na mashabiki wanaweza kumzomea: mfuate! Kumbe anafanya jambo gumu kuliko kuteleza miguuni mwa mtu. Amekubali mbele ya watu wote kwamba yule anamzidi, kisha akaita wenzake. Pengine ndiyo maana tunaipenda faulo: inatuondolea aibu ya kukiri kwamba tumezidiwa. Niseme wazi basi ninachoamini. Mwenye mwendo mdogo ana haki kamili juu ya njia ya mwenye kasi. Aibane, aipinde, aifunge kama anaweza. Hana haki juu ya mguu wake.

Mwenye kasi naye ana deni. Ule mchezo wa Marekani umemwekea kinga: kotabeki anayekimbia akijitelezesha chini miguu mbele, anakuwa amesema nimeishia hapa, na mlinzi haruhusiwi kumgonga. Ni sheria nzuri. Inamtaka mtu mwenye hasira na kilo zaidi ya mia asimame kwa sababu mwenzake amejisalimisha. Lakini tarehe 4 Desemba 2021, katika fainali ya vyuo ya kanda ya ACC, Kenny Pickett wa Pittsburgh alikuwa anakimbia na mpira, akaanza kujilaza, walinzi wakapunguza mwendo kama walivyofundishwa, naye akainuka na kuendelea hadi mwisho. Yadi 58. Hakuvunja sheria yoyote iliyoandikwa. Siku chache baadaye wasimamizi wakaagiza kwamba mtu akionyesha tu dalili ya kujilaza, filimbi ipigwe.

Sisi huku tuna isale. Jani lile lile tunalopanda kuonyesha mpaka wa kihamba ndilo analolibeba mtu anayekuja kuomba msamaha, na aliyekosewa akiletewa isale ni vigumu sana kukataa. Mimi naona si ajabu jani moja kufanya kazi hizo mbili: mahali penye mpaka ndipo penye kukoseana. Sasa fikiria mtu aje na isale mkono wa kulia na panga mgongoni. Huyo hajamdanganya jirani mmoja tu. Amewaharibia wote watakaobeba isale baada yake. Pickett alifanya hivyo, na winga wetu anayejirusha chini bila kuguswa anafanya hivyo kila Jumapili. Kinga ya mwenye kasi inaishi kwa imani ya anayemkaba.

Naijua hoja ya mwisho, na ndiyo inayoniuma zaidi. Kwamba haya yote ni maneno ya wenye timu kubwa. Timu ndogo haina mpelelezi, haina kiungo wa kufika kwa wakati, haina hata viatu vya kutosha. Silaha yake ni buti. Ukimnyang'anya buti umemwachia nini?

Najibu kwa kuangalia viwanja vyetu wenyewe, vya Uru, Kibosho, Marangu, Machame. Huku juu kupata ardhi tambarare ni shida. Viwanja vingi vimelala na mlima, na anayeshambulia kuelekea chini anaongezewa kasi na Mungu mwenyewe. Kwenye mechi za watoto refa mara nyingi ni mtu yeyote aliyepata filimbi. Kadi hakuna. Valverde alilipa kidogo, lakini alilipa. Mtoto wa miaka 12 anayemkwatua mwenzake kwenye mteremko wenye mawe halipi chochote. Ile sentensi, ikitoka Wembley na kufika huku, inapoteza hata ile faini yake, inabaki mguu peke yake. Na mguu wenyewe ni wa nani? Ni wa mtoto wa familia maskini vile vile, ambaye huenda hizo mbio ndiyo mali pekee aliyopewa bila kukopa. Buti halimlindi maskini dhidi ya tajiri hapa. Linamvunja maskini mmoja kwa faida ya mwingine, ya dakika tisini.

Kwa hiyo, makocha wa jioni, walimu wa michezo, kaka mnaosimama pembeni: maneno mnayopiga kelele yanabaki kichwani mwa mtoto kuliko matokeo. Badala ya mtu asipite, mwambieni mpeleke pembeni. Ni maneno mawili tu, hayazidi yale ya zamani kwa urefu. Mtoto atapitwa mara kadhaa mwanzoni, na mtafungwa. Baadaye atajifunza kusubiri na kuita wenzake, na yule mwenye mbio atabaki na miguu yake yote miwili ya kuwasumbua tena Jumapili ijayo.