Nakshi Iliyo Ndani na Nakshi Iliyopakwa

Wahenga waliposema kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, walitutahadharisha na vitu vyenye sura njema na moyo duni. Lakini methali hiyo imeacha swali moja bila jibu, nalo ndilo tutakalolizungumza hapa. Ikiwa kitu chafanya kazi yake barabara, je, sura yake ikidanganya kuna dhara gani? Ili mazungumzo yetu yasielee hewani, tumechagua mfano mmoja wa ufundi, nao ni visu vyenye nakshi vinavyofuliwa kutokana na cheni kuukuu za pikipiki.

Kufua chuma kilichokwisha kazi si jambo geni kwetu. Mafundi wa Katwe mjini Kampala, na wenzao wa Gikomba mjini Nairobi, wamezoea kugeuza vyuma chakavu kuwa vyombo vya nyumbani na vya shamba, na springi ya lori iliyovunjika aghalabu huzaliwa upya ikiwa panga au kisu. Ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno. Hata hivyo, kuunganisha vyuma vya namna mbalimbali kwa ajili ya nakshi ni ufundi wa kale wa nchi nyingine. Upanga uliofukuliwa Sutton Hoo, Uingereza, mwaka 1939, nao ni wa karne ya 7, ulifuliwa hivyo. Katika zama zetu ufundi huo ulipata uhai mpya baada ya mwaka 1973, mhunzi William Moran wa Marekani alipowaonyesha wenzake visu vyake vyenye nakshi. Wengi huiita feleji ya Dameski. Cheni ni mojawapo tu ya vyuma ambavyo wahunzi wa leo huvitumia.

Kazi yenyewe huenda hivi. Kwanza mhunzi huiosha cheni mpaka mafuta na uchafu wote utoke, maana uchafu ukibaki vyuma havishikani. Kisha huikunja na kuipanga ndani ya kijisanduku cha chuma, na mianya iliyobaki huijaza unga wa chuma. Kijisanduku hufungwa kwa kulehemiwa, kikatiwa tanuruni mpaka kipate joto la nyuzi 1,200 na zaidi za Selsiasi, hali chuma kimeiva sana lakini hakijayeyuka. Hapo nyundo hushuka, au mashine ya kushindilia, na vipande vyote hushikana vikawa mwili mmoja. Ganda la kijisanduku huondolewa, na pande la chuma lililobaki hufuliwa likawa bapa la kisu. Bapa huzimwa katika mafuta lipate ugumu, kisha hupashwa moto mdogo, wa nyuzi kama 200, ili lisivunjike upesi.

Likiisha kusuguliwa, bapa hilo hung'aa tupu, wala jicho halioni nakshi yoyote. Ndipo mhunzi hulitumbukiza katika asidi. Cheni ina vibapa vya pembeni, pini na roli, navyo havikutengenezwa kwa chuma cha namna moja, wala havifanani na ule unga uliojaza mianya. Asidi hukila kila chuma kwa kadiri yake. Chuma chenye nikeli hubaki cheupe, na chuma kisicho na nikeli hugeuka cheusi. Polepole pete za cheni hujitokeza tena, zimebanwa na kupindwa na nyundo, lakini mtu aliyepata kuendesha pikipiki atazitambua mara moja.

Yafaa tutie maanani jambo hili: asidi haikuchora kitu. Imefunua tu yaliyompata chuma huyo motoni. Nakshi hiyo ni ushahidi.

Sasa wako wauzaji wanaotwaa kisu cha chuma cha kawaida, wakakichapa juu juu michoro ya namna hiyo, kisha wakakiuza kwa jina la Dameski. Kwa macho ni vigumu kuvitenga visu hivi viwili. Lakini mhunzi anayo njia ya kuhukumu. Husugua sehemu ndogo ya bapa kwa msasa mpaka mchoro ufutike, kisha hupaka asidi mahali palepale. Nakshi ya kweli hurudi, kwa kuwa imeshuka mpaka kiini cha chuma. Iliyopakwa hairudi, kwa kuwa haikuwapo.

Mtu atatuuliza: “Kisu ni kukata. Ikiwa hicho cha michoro chakata nyama sawasawa na kile kingine, mnunuzi amepoteza nini?” Swali hili si la kupuuzwa. Twaweza kujibu kwamba amepoteza fedha zake, kwa kuwa alilipia jasho ambalo halikumwagwa. Lakini twaona kuna hasara kubwa zaidi. Nakshi ni usemi. Yamwambia mwenye kuitazama, “Nilipitia moto, nikaungwa.” Anayeichapa juu ya chuma kisichopitia hayo amesema uongo bila kufungua kinywa, na uongo huo haumdhuru mnunuzi peke yake. Siku watu watakapoacha kuiamini nakshi yoyote, mhunzi mwaminifu naye atakosa lugha ya kuieleza kazi yake.

Hata hivyo tusije tukavuka mpaka upande wa pili. Nakshi ya kweli hushuhudia asili, haishuhudii makali. Cheni kuukuu haina cheti cha kueleza ina kaboni kiasi gani, na baadhi ya vipande vyake vyaweza kuwa laini mno kushika makali. Kwa sababu hiyo wahunzi wengi huweka katikati ya bapa ukanda wa feleji inayojulikana, ili makali yawe yake, na cheni ikae ubavuni. Chama cha American Bladesmith Society, kilichoanzishwa mwaka 1976, humtaka mwenye kutafuta daraja la juu la uhunzi alete kisu cha Dameski chenye matabaka yasiyopungua 300. Lakini hawaishii kukitazama. Kisu hicho hukata kamba inayoning'inia kwa pigo moja, hukata mbao, kisha hutakiwa kiweze bado kunyoa nywele. Mwishoni hubanwa katika jiliwa na kupindwa nyuzi 90, wala kisivunjike. Uzuri wake haukidai msamaha wa kazi.

Ndugu walimu wenzetu, mfano huu haukutupeleka mbali na darasa. Wengi wa wanafunzi wetu huku hawakukipata Kiswahili pamoja na maziwa ya mama. Hukijia ukubwani, nasi kwa kuwahurumia huwapa orodha za methali na misemo wazikariri kabla ya mtihani. Insha zao huja zimepambwa toka mstari wa kwanza, na alama nzuri hupatikana. Lakini mfute mwanafunzi huyo methali yake, umwulize kwa maneno mengine ina maana gani na hutumika wakati gani, ukaone kama itarudi. Ikirudi, lugha imeshuka mpaka kiini. Isiporudi, tumemfundisha kupaka, na cheti atakachopewa kitasema jambo lisilokuwapo.

Wala haitoshi methali irudi. Mwanafunzi aweza kuijua methali kwa asili yake yote, akashindwa kuandika barua ya kuomba kazi au kumweleza mganga maumivu ya mzazi wake. Huyo ana nakshi ya kweli na makali butu. Lugha, kama kisu, sharti ipimwe pia kwa kazi.

Basi twapendekeza jambo moja dogo. Kila baada ya kusahihisha insha, mwalimu achague sentensi moja iliyo nzuri kuliko zote, amwite mwandishi wake, na bila kumwaibisha mbele ya wenziwe amwombe aieleze kwa namna nyingine. Zoezi hili halihitaji kitabu wala fedha. Huchukua dakika mbili, na katika dakika hizo mwalimu naye atajua ni nini hasa alichokifundisha.