Mgeni wa Siku ya Tatu



Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Miaka mingi chuoni tuliwafundisha walimu wanafunzi methali hii kwa upande mmoja tu, yaani wajibu wa mgeni. Hatukuuliza: akishalishika jembe, mwenyeji naye ana wajibu gani? Na njaa ikiingia nyumbani, je, wajibu huo hupungua?

Swali hili lilitujia tuliposoma habari za Ugiriki. Nchi ile ilielemewa na madeni, na kuanzia 2010 iliishi kwa mikopo yenye masharti makali. Mishahara ilikatwa, na pensheni pia (sisi wastaafu twajua uchungu wake). Mwaka 2013 zaidi ya robo ya nguvukazi haikuwa na kazi. Watu wakatafuta wa kumlaumu, na aliyekuwa karibu ni mgeni.

Neno la Kigiriki xenos, kama letu, ni mtu wa mbali na pia mtu wa kukaribishwa. Wagiriki wa kale walimwita mungu wao Zeus mlinzi wa wageni, Xenios. Agosti 2012 polisi walilitwaa jina hilohilo kwa operesheni ya kuwasimamisha wageni barabarani na kuwapeleka vituoni, na wengi wao walionekana kuwa na vibali halali. Aliyelichagua jina tungalimpa sifuri.

Huko Manolada, kwenye mashamba ya stroberi, vibarua kutoka Bangladesh waliahidiwa euro 22 kwa siku. Miezi ikapita bila malipo. Tarehe 17 Aprili 2013 walipokwenda kudai, mlinzi akawafyatulia risasi, wakajeruhiwa watu wapatao 30. Mwaka 2014 mahakama ya Patras haikumtia hatiani mwenye shamba. Mwaka 2017 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba ile ilikuwa kazi ya kulazimishwa, na kwamba serikali haikuwalinda.

Msomaji atasema, mwenye njaa hana cha kugawa. Kwa chakula ni kweli. Lakini ujira si sadaka. Ulikwisha kuwa mali yao tangu jioni ya kwanza. Na kutompiga mtu risasi hakuna gharama yoyote.

Baada ya kusoma hukumu ile tulifungua daftari letu la nyumbani. Kijana atulimiaye shamba, aliyetoka mkoa wa mbali, alikuwa akitudai miezi miwili. Tulikuwa tumemwambia avumilie mpaka pensheni itoke.