Hodi ya Mwenye Bunduki

Ndugu msomaji, katika nyumba zetu za pwani mtoto hufundishwa kubisha hodi kabla hajajua kusoma. Husimama kando ya mlango asichungulie ndani, akabisha mara tatu. Akiitikiwa huingia, asipoitikiwa hurudi. Adabu hii ina asili yake. Katika Surat an-Nur, aya ya 27 na ya 28, tumekatazwa kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na tuwasalimu wenyewe. Na tukiambiwa turudi, yatupasa kurudi. Basi yafaa tujiulize: je, adabu hii ni ya jirani na mgeni tu, au yamfunga pia mwenye sare na bunduki?

Ili tulijibu swali hili, twende pamoja hadi bara, upande wa Arusha. Njia itokayo Makuyuni hupita Mto wa Mbu, hupanda ukingo wa Bonde la Ufa na kufika Karatu, mji wa wakulima Wairaki na wafanyabiashara wa kila kabila. Mbele yake ni lango la Lodoare, ambapo huanza eneo la hifadhi ya Ngorongoro, lililowekwa mwaka 1959 kwa ajili ya wanyama wa porini na wafugaji kwa pamoja. Watu wa huko huishi na polisi, na pia huishi na askari wa wanyamapori. Aliye jirani wa tembo na faru huwa jirani wa upekuzi.

Tusimdhulumu askari, kwani kazi yake ina sababu. Mwaka 2009 Tanzania ilihesabiwa kuwa na tembo zaidi ya 109,000. Ilipofika mwaka 2014 walibaki kama 43,000. Pembe hizo zilifichwa mahali, na baadhi ya mahali hapo ni majumbani mwa watu. Serikali isiyoweza kupekua haiwezi kumlinda tembo wala kumrudishia mtu mali yake iliyoibwa. Kwa hiyo hakuna mwenye akili asemaye kuwa nyumba isipekuliwe kabisa. Linalobishaniwa ni namna ya kuingia.

Sheria za nchi zimelisema jambo hili waziwazi. Ibara ya 16 ya Katiba, katika sehemu ya haki za msingi iliyoingizwa mwaka 1984, yalinda nafsi ya mtu, maisha yake ya unyumba na maskani yake. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 yataka upekuzi uwe na sababu ya maana na uwe kwa hati. Ufanywe kati ya macheo na machweo, ila mahakama ikiruhusu saa nyingine. Mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake kwa kuchunga staha. Na kila kilichochukuliwa kitolewe stakabadhi. Pakiwa na dharura ya kweli, kama vile ushahidi kutaka kupotezwa, askari aweza kuingia bila hati. Hata Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, ambayo humpa askari wa pori uwezo mpana zaidi, haimruhusu kuingia nyumba ya makazi bila hati ila awepo shahidi aliye huru.

Lakini sheria ikivunjwa kwa nia njema, je? Hapa ndipo penye mtihani. Mwezi wa Oktoba 2013 ilianzishwa Operesheni Tokomeza ili kuwakomesha majangili. Nia ilikuwa nzuri. Haikufika miezi miwili ikasimamishwa, na taarifa ya kamati ya Bunge ikaeleza watu kuuawa na kuteswa, wanawake kudhalilishwa, nyumba kuchomwa na mifugo kuuawa. Tarehe 20 Desemba mwaka huohuo mawaziri wanne wakaondoka madarakani. Huko Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, vijiji vinne vilikwenda Mahakama ya Afrika Mashariki kwa ajili ya ardhi yao. Tarehe 25 Septemba 2018 mahakama hiyo ilizuia, kwa muda wa kesi, watu kuondolewa, maboma kubomolewa na mifugo kukamatwa. Kesi ilitupwa mwaka 2022, na mwaka 2023 kitengo cha rufani kikaamuru isikilizwe upya. Sisi wa pwani tusidharau habari ya ng'ombe. Kwa Mmasai ng'ombe ni chakula, mahari na akiba. Kuwakamata bila haki ni sawa na kulibeba kasha la bibi yako likiwa na vyote vilivyomo.

Wako wasemao: "Asiye na kosa aogope nini?" Neno hili latamkwa kwa urahisi na yule ambaye mlango wake haujapigwa teke. Nyumbani mna siri zisizo makosa: nguo za mama, dawa za mgonjwa, barua ya madeni, aibu ya ndugu. Imesimuliwa kuwa Sayyidna Umar aliparamia ukuta wa mtu akamkuta na pombe. Yule mtu akajibu kwamba yeye amekosa moja, lakini Khalifa amekosa matatu: amepeleleza, hakupita mlangoni, wala hakutoa salamu. Umar, pamoja na ukubwa wake, akamwacha. Na mahakama zetu leo, mara kadhaa, zimeutupa ushahidi uliopatikana kwa upekuzi usiofuata sheria. Basi askari avunjaye utaratibu huenda akamfungulia mlango jangili yuleyule anayemsaka.

Wakija kwako, ndugu msomaji, usipigane wala usitukane. Waulize kwa upole majina yao na hati yao. Mwite jirani au mjumbe awe shahidi. Simama uone kila kinachoshikwa, soma orodha kabla ya kutia sahihi, na stakabadhi uihifadhi. Ukidhulumiwa, peleka malalamiko kwa wakubwa wao au mahakamani.

Tena tujitazame wenyewe. Bangili ya dhahabu ikipotea, ni nyumba ngapi humwita msichana wa kazi ukumbini, wakaumwaga mfuko wake mbele ya wageni, bila sababu ila umaskini wake? Kisha bangili huonekana chini ya mto, na hakuna amwombaye radhi. Naye ana siri na heshima yake, na mfuko ule ndio nyumba yake. Tukitaka mwenye bunduki abishe hodi kwetu, nasi tubishe hodi kwa aliye chini yetu.