Akishavua Jezi, Bado Ni Wetu?



Leo tuongee kuhusu mpira wa kikapu wa vyuo vikuu vya Marekani. Najua humu wapo wanaokesha kila Machi mashindano ya NCAA yanapopamba moto, na wapo wasioijua hata timu moja. Wote karibuni, kwa sababu swali lenyewe linatugusa sote. Tunaposema mchezaji fulani ni "wetu", tunamaanisha nini hasa? Na siku akihama, tunamdai nini? Sisi je, tunadaiwa chochote naye?

Tuanze na Villanova. Hiki ni chuo kikuu cha Kikatoliki karibu na Philadelphia, kilichoanzishwa mwaka 1842 na mapadre wa Shirika la Mtakatifu Augustino. Ndicho chuo ambacho Papa Leo XIV alihitimu shahada ya hisabati mwaka 1977. Timu yake, Wildcats, imekuwa bingwa wa NCAA mara tatu: 1985, 2016 na 2018. Fainali ya 2016 dhidi ya North Carolina inasimuliwa mpaka leo. Zikiwa zimebaki sekunde 4.7, Marcus Paige wa North Carolina akasawazisha, 74 kwa 74. Ryan Arcidiacono akaupandisha mpira mbio, akamwachia Kris Jenkins, Jenkins akatupa. Kengele ikalia mpira ukiwa hewani. Ukaingia. 77 kwa 74!

Baada ya hapo wale vijana wakatawanyika, maana chuo si mahali pa kukaa milele. Lakini mashabiki wameendelea kuwafuata kila wanakokwenda. Jalen Brunson alijiunga na New York Knicks mwaka 2022. Mwaka uliofuata wakaja Josh Hart na Donte DiVincenzo, huyu aliyefunga pointi 31 katika fainali ya 2018. Mwaka 2024 akaletwa Mikal Bridges. Hebu fikiria: Knicks ni ya New York, na hao mashabiki wengi ni watu wa Philadelphia, mji wenye timu yake, 76ers. Mwaka huohuo wa 2024 Knicks waliitoa 76ers katika raundi ya kwanza ya mchujo, mabao manne kwa mawili kwa maana ya michezo. Ukiwa mtu wa Philadelphia uliyesoma Villanova, jioni hiyo unashangilia au unalia?

Kuna watakaosema huu si upendo wowote, ni ubinafsi uliovaa jezi. Mchezaji aking'ara tunasema "huyo wetu, sisi ndio tulimlea". Akififia, kimya. Hoja hiyo ina nguvu, na inafaa tuipime badala ya kuikimbia.

Ipime kwa Jenkins. Yeye ndiye aliyewapa watu ile furaha ya 2016, lakini hakuwahi kucheza hata mchezo mmoja wa NBA. Kama "wetu" maana yake ni yule anayetuletea sifa leo, basi Jenkins alishaacha kuwa wetu zamani. Au mpime kijana tunayemjua kwa lugha yetu wenyewe, Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam. Alichezea University of Connecticut, na mwaka 2009 timu yake ikafika nne bora. Mwaka huo akateuliwa na Memphis Grizzlies akiwa namba mbili kati ya vijana wote, Mtanzania wa kwanza kufika NBA. James Harden alikuwa wa tatu, Stephen Curry wa saba. Huko NBA mambo hayakwenda kama watu walivyotarajia, na jina lake likaanza kuwekwa kwenye orodha za kuchekesha za "waliochaguliwa vibaya". Wengine waliocheka ndio haohao waliopiga vigelegele mwaka 2009. Wahenga walishasema, fadhila za punda ni mateke.

Sasa angalia kilichobadilika hapo. Mtu ni yuleyule. Miaka mitatu aliyowapa watu wa Connecticut haijafutika, na kila mpira alioupangua aliupangua kweli. Kilichobadilika ni faida tunayopata. Kwa hiyo kama upendo umeisha pale faida ilipoisha, tulichokuwa tunakipenda ni faida. Huo ndio mtihani, na mimi na wewe tunaweza kuufanya hata kwa marafiki zetu, sembuse kwa wachezaji.

Mtakatifu Augustino alitofautisha vitu tunavyovitumia ili kufika mahali na vile tunavyovipenda kwa ajili yavyo vyenyewe. Vurugu ya moyo huanza tunapovichanganya. Mchezo unaweza kutumika vizuri kwa furaha, kwa afya, kwa kukutana na watu. Mwanadamu lakini si kifaa cha furaha yangu. Kumpenda mtu ni kumtakia mema yake, hata kama hayo mema hayapiti kwangu.

Mtu atauliza: na yule anayeondoka kwa sababu ya pesa? Swali zuri, kwa sababu siku hizi ndilo linalowasha moto. Zamani mwanachuo akihama kwenda timu nyingine, kwa kawaida alilazimika kukaa nje msimu mzima. Tangu 2021 mlango huo umefunguliwa, na mwaka huohuo wanamichezo wa vyuo wakaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura zao. Matokeo yake, kijana anaweza kucheza vyuo vitatu katika miaka mitatu. Shabiki aliyenunua jezi yake Novemba anamwona Aprili akisaini kwa mpinzani. Anaumia. Anamwita msaliti.

Tuliangalie neno hilo polepole. Usaliti unahitaji ahadi iliyovunjwa. Padre ameahidi, wanandoa wameahidi, na kwa ahadi za namna hiyo Kanisa halina mzaha. Lakini kijana wa miaka ishirini, mwenye goti linaloweza kupasuka kesho na familia inayomtegemea, hajafunga ndoa na jezi. Na kumbuka kwamba kwa miaka mingi chuo, televisheni na wadhamini waliingiza pesa nyingi kutokana na jasho la vijana kama yeye, wakati yeye hakuruhusiwa kuuza hata jina lake. Kusema anatudai zaidi kuliko tunavyomdai si kumpendelea.

Hata hivyo sisemi kila kuondoka ni sawa. Kama alimpa mtu neno lake akalivunja, au aliwaacha wenzake kwenye shida kwa tamaa tu, hilo lina uzito mbele za Mungu. Ila mwenye haki ya kumwambia ni kocha wake, wenzake, mzazi wake, muungamishi wake. Si mimi nyuma ya simu saa saba usiku.

Na hapo kwenye simu ndipo penye hatari yetu kubwa. Katika kitabu cha sita cha Maungamo, Augustino anasimulia habari za rafiki yake Alipio. Alipio aliyachukia michezo ya Roma ambamo watu waliuana mbele ya watazamaji. Marafiki wakamburuta hadi uwanjani, naye akafumba macho, akijiamini. Umati ulipopiga kelele, akafungua macho mara moja tu. Basi. Akawa anashangilia damu kuliko waliomleta. Kikapu si mapigano ya kuuana, sawa. Lakini kelele za umati ni zilezile, na leo umati tunautembeza mfukoni. Mtu mpole kabisa jumuiyani, anayesoma somo la pili Jumapili, anaweza kumwandikia mwanachuo asiyemjua maneno ambayo asingethubutu kumwambia ana kwa ana. Tena mkeka ukichanika ndiyo inakuwa balaa. Kijana amekosa mitupo miwili ya adhabu, na mtu wa bara lingine anamtakia kifo kwa sababu ya pesa aliyoiweka mwenyewe kwa hiari yake. Ukitaka kujua kamari inafanya nini rohoni, usihesabu tu hela iliyopotea. Angalia jinsi inavyomgeuza mtu kuwa namba kwenye mkeka wako.

Sasa rudi kwenye ile fainali ya 2016. Kris Jenkins alilelewa na wazazi wa Nate Britt, na Nate Britt alikuwa mchezaji wa North Carolina. Yaani nyumba moja, jezi mbili. Mpira ule ulipoingia, mtoto mmoja wa nyumba ile alikuwa shujaa wa dunia, na mwingine alikuwa amepoteza ubingwa. Mzazi angefanya nini hapo? Hawezi kumwambia aliyeshinda "wewe ndiye wetu" halafu akamgeuzia mgongo mwingine. Furaha na huzuni vinakaa kwenye kifua kimoja. Nadhani hakuna picha iliyo karibu zaidi na jinsi Mungu anavyoutazama uwanja. Sisi tunaona timu mbili. Yeye anaona watoto.

Yohane Mbatizaji naye alikuwa na wafuasi, na wakamwacha. Soma Injili ya Yohane 1:35-40: yeye mwenyewe ndiye aliyemwonyesha Yesu kwa kidole, na wafuasi wake wawili wakaondoka palepale. Mmoja alikuwa Andrea. Baadaye, katika sura ya tatu, wanafunzi waliobaki wanakuja kulalamika kwamba watu wote wanamwendea Yesu. Yohane hakasiriki. Anajilinganisha na rafiki wa bwana arusi, ambaye furaha yake ni kusikia sauti ya bwana arusi, na anakubali yeye apungue. Aliwapenda wale vijana bila kuwamiliki, ndiyo maana kuondoka kwao hakukumwachia uchungu.

Sista Jean Dolores Schmidt aliliishi hilo pembezoni mwa uwanja. Alizaliwa 1919, akawa mlezi wa kiroho wa timu ya kikapu ya Loyola Chicago tangu 1994, na alifariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 106. Dunia ilimjua mwaka 2018 timu ilipofika nne bora, bibi wa miaka 98 kwenye kiti cha magurudumu. Lakini vijana wale walikuwa wamemjua mapema zaidi: aliomba nao kabla ya mchezo, na baada ya mchezo aliwaandikia. Aliwaandikia wakishinda, aliwaandikia wakishindwa. Yeye alipenda sana kushinda, asikudanganye mtu! Ila alimwona mtu kabla ya kuona matokeo.

Kwa hiyo, tunaweza kuendelea kumwita mchezaji aliyehama "wetu"? Naona tunaweza, kama neno hilo maana yake ni shukrani. Shukrani haina tarehe ya kuisha kwa mkataba, na haimdai mtu arudi. Lakini kama "wetu" maana yake ni mali yetu, tulirudishe neno hilo leo hii.

Wiki hii jaribu kitu kimoja. Chagua mchezaji aliyeihama timu yako, yule ambaye jina lake bado linakukera. Taja kitu kimoja chema alichokupa, halafu msalie Salamu Maria moja. Ukishaweza kwa mtu usiyemjua, jaribu kwa rafiki aliyehamia kundi lingine, au kwa kaka aliyeondoka nyumbani bila kuaga vizuri. Huko ndiko mchezo wenyewe ulipo.

Tusali: Ee Bwana, tunakushukuru kwa watu wote uliowapitisha katika maisha yetu, waliobaki na waliokwenda. Utufundishe kuwapenda bila kuwafunga, na kuwatakia mema hata yasiyotufikia sisi. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.